Nati za Kushoto

Saa mbili asubuhi Sajenti Generoza alikuwa ameketi juu ya tairi bovu katika gereji ya Herman pale Mikumi, akiangalia mikono ya watu. Nyuso alishazichoka. Uso hufundishwa uongo tangu utotoni, lakini mkono ukishika spana hufanya kazi ulivyozoea, na ndiyo maana alikuwa amerudi kutoka Kilosa alfajiri bila hata kunywa chai, ili awepo kabla gari halijaguswa.

Gari lenyewe lilikuwa nje uani, limefunikwa turubai kwa ajili ya umande: Starlet nyeupe ya zamani, iliyong'olewa viti vya nyuma na kufungwa mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondeke ikipinduka. Mwenye gari, Happyness, mama wa watoto wawili na mwenye duka la dawa pale mjini, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji akisugua pedi mpya za breki kwa msasa. Saa tisa mchana alitakiwa awe kwenye uwanja wa ndege uliokufa wa shamba moja la mkonge, upande wa Kilosa, ambako wapenzi wa mbio hukutana mara mbili kwa mwaka kukimbizana na saa kuzunguka mapipa. Ukaguzi wa magari ungefungwa saa nane kamili, na anayechelewa hakimbii.

"Breki zikishika upande mmoja nitaishia kwenye mkonge," alisema bila kuinua kichwa.

"Ukiishia kwenye mkonge tu, tutashukuru," Generoza alimjibu. "Dada, bado unaweza kubaki nyumbani."

"Nikibaki, atajua sina jina."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomnyima Generoza usingizi.

Siku tisa zilizopita, kwenye sakafu hii hii, fundi Donati alikutwa amelaliwa na Starlet ile, jeki imeanguka ubavu. Mji mzima ulisema ajali. Generoza alipotumwa kuandika taarifa aliyakuta magogo mawili ya kutegemezea gari yamepangwa ukutani, moja juu ya jingine, na kila fundi wa Mikumi alimwambia jambo moja: Donati hakuwahi kuingia chini ya gari bila magogo yale. Mtu aliyepondwa kifua hapangi magogo ukutani.

Wiki moja kabla ya kufa, Donati alimnong'oneza Happyness kwamba alikuwa akichomelea bampa la lori fulani, akakuta ndani yake kipande cha taa ya pikipiki. Pikipiki hiyo aliijua, maana ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Ilikuwa ya Tomasi, mume wa Happyness, aliyegongwa miaka miwili nyuma kwenye barabara ya hifadhini na dereva ambaye hakusimama. Donati hakutaja lori la nani. Alitaka kwanza ahakikishe, na kuhakikisha huko ndiko kulikomuua.

Mambo yangeishia hapo kama si mazishi. Happyness, uchungu umemjaa hadi kooni, alisimama kaburini mbele ya watu wote akasema Donati alimwachia jina, naye atalitaja siku ya mbio, saa ya kutoa vikombe. Hakuachiwa jina lolote. Alitaka muuaji atetemeke. Mdomo huponza kichwa, na tangu siku ile Generoza alikiona kichwa cha mwanamke huyu kimewekwa rehani.

Watu watatu walikuwa na njia ya kulifikia gari, na wote watatu walikuwa na njia ya kufikia malori. Wa kwanza ni Herman mwenyewe, mwenye gereji, aliyekuwa haelewani na Donati juu ya ubia. Fundi wa magari madogo, lakini mteja akileta lori alilijaribu barabarani. Wa pili ni Nickson, kijana wa Morogoro mjini, mshindani wa Happyness, ambaye baba yake alikuwa na malori matatu. Alifika jana na gari lake la mbio akalala ndani yake pale uani. Wa tatu ni Melkizedek, dereva wa malori aliyeingia hamsini, rafiki wa marehemu Tomasi tangu shule ya misheni. Ndiye aliyebeba jeneza la Tomasi upande wa kichwani, na leo alijitolea kuipakia Starlet kwenye lori lake hadi uwanjani. Naye alilala uani, ndani ya lori. Asubuhi hii alikuwa ametoka nalo kwenda kujaza dizeli.

"Haya, Herman," Generoza alisema akiinuka. "Funua."

Herman akavuta turubai.

Marehemu Donati alikuwa na desturi ambayo wenzake waliicheka. Akishakaza nati za magurudumu, alichora mstari mwekundu wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili asubuhi ajue kwa jicho tu kama nati imesogea. Jana saa kumi na mbili jioni Generoza alimwamuru Herman afanye vivyo hivyo kwa nati zote kumi na sita, naye akasimama hapo hapo akizipiga picha kwa simu, moja moja. Wakati huo hapakuwa na mtu mwingine. Kisha wakalifunika gari na kufunga geti, ambalo usiku mlinzi aliwafungulia Nickson na Melkizedek tu.

Sasa alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele la kulia, simu mkononi. Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha kwenye rimu kilikuwa pale pale, kipande cha kwenye nati kilikuwa kimekwenda robo ya duara.

"Mama yangu," Herman alisema. Akaigusa nati kwa vidole viwili, ikazunguka kama kizibo cha chupa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. La nyuma la kulia nalo lilikuwa hivyo.

Happyness alikuwa amekuja na pedi zake mkononi. Alitazama nati ile ikizunguka, akatazama mabomba ya ndani ya gari, na rangi ya midomo ikamtoka. Kwenye kona ya kwanza, katika mwendo wa kilomita mia na kitu, gurudumu lingechomoka na mapipa yale yangempokea.

"Usiseme neno," Generoza alimwambia. "Wewe pia, Herman. Haya ni yetu sisi watatu. Twende kushoto."

Upande wa kushoto mistari ilikuwa imekatika pia, robo ya duara kila mmoja. Kwenye gurudumu la mbele zilikuwepo nati tatu tu. Mahali pa ya nne palibaki kisiki cha stadi, ile boliti inayoshika nati, kimekatika, chuma chake kinang'aa upya. Herman alitia spana kwenye nati ya jirani akavuta. Haikutikisika. Alivika bomba refu kwenye mkono wa spana, akaliegemea kwa uzito wake wote, ndipo ikalia na kuachia.

"Hizi zimekazwa, afande," alisema akihema. "Zimekazwa kupita kiasi. Mimi jana sikukaza hivi."

"Kulia zimelegezwa, kushoto zimekazwa?"

"Ndivyo ninavyoona. Hiyo moja kaikaza mpaka stadi ikakatika. Mtu gani huyu?"

Walipitisha sumaku sakafuni na kwenye mchanga wote wa uani kutafuta nati iliyokosekana. Haikuwepo. Walichokiona, kimeangukia chini ya gari, ni kipande cha bomba la chuma kirefu kiasi cha mkono, kimezungushiwa utepe wa bluu. Vifaa vyote vya Nickson vilikuwa na utepe wa bluu.

Generoza aliuona mchezo wote mara moja, au alidhani ameuona. Upande wa kulia wa gari unaelekea ukutani, mtu anaweza kufanya kazi kwa raha. Upande wa kushoto unaelekea kibanda cha mzee Abeli, mlinzi. Kijana kasikia mzee anakohoa, kababaika, kageuza spana vibaya, kaangusha bomba, kakimbia. Alimwita Nickson. Kijana akaja amejifunga kitambaa kwenye kiganja.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimeungua na ekzosi, afande. Jana."

"Utaniambia vizuri kituoni. Herman, toa kisiki hicho, weka stadi mpya, kaza zote, chora upya. Kisiki nipe mimi." Alisubiri Herman aking'oe, akakitia kwenye mfuko wa nailoni. Kisha akamgeukia Happyness. "Gari lisitoke hapa mpaka nirudi. Umenisikia? Hata waje na malaika."

"Saa nane, afande. Usinisahau."

Kituo hakikuwa mbali, kando ya barabara kuu, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama maegesho ya malori. Gari la kituo lilikuwa limekwenda kwenye ajali ndani ya hifadhi. Generoza alimketisha Nickson kwenye benchi, akaweka bomba mezani.

"Lako?"

"Langu. Sanduku langu la spana liko wazi juu ya boneti tangu jana. Kila mtu anachukua."

"Nani alichukua?"

"Nilikuwa nimelala. Mimi sina noma na yule dada, afande. Yeye ndiye aliyenifundisha kona."

"Na Donati?"

"Donati tulibishana juu ya kabureta. Kuna mtu anaua mtu kwa kabureta?"

"Baba yako ana malori."

"Anayo. Mimi leseni ya lori sina, hata kulirudisha nyuma siwezi. Muulize mtu yeyote Morogoro."

Alifungua kile kitambaa. Jeraha lilikuwa la moto kweli, ngozi imejikunja, limeanza kukauka. Si la jana usiku. Generoza alihisi nadharia yake inaanza kuvuja, lakini hakuiachia. Alimsogezea simu yenye picha alizopiga asubuhi.

"Basi nisaidie wewe unayejua. Kwa nini mtu alegeze kulia na akaze kushoto?"

Nickson alizipitisha picha kwa kidole kisichoungua, akarudi nyuma, akazipitisha tena. Woga ulimtoka kidogo, ujuzi ukaingia.

"Afande, tazama. Kila nati imekwenda robo. Kulia robo, kushoto robo. Mtu aliyebabaika hawezi kwenda robo robo kama aliyepima. Huyu alikuwa ametulia."

"Sasa?"

"Sasa alikuwa anafanya kazi moja. Alidhani anafanya kitu kile kile pande zote mbili."

"Aliegemea mpaka stadi ikakatika halafu akadhani anafungua?"

"Bomba refu, giza. Ikilia krr unasema imeachia." Aliinua mabega. "Lakini nani anafungua nati kwa kuikaza? Hapo ndipo mimi nashindwa."

Generoza alisimama akaenda dirishani. Nje lori moja kuukuu lilikuwa limepata pancha, watu wawili wanabadilisha tairi la mbele, upande wa kushoto. Mmoja alikuwa amepanda juu ya bomba la spana, analisukuma kwa unyayo, na bomba linakwenda kule unakokwenda mshale wa saa. Nati ikalia, ikaachia. Yule wa pili akaimalizia kwa vidole, akaitumbukiza kwenye kopo.

Alitoka mbio hata mlango hakuufunga.

"Kaka, habari za kazi. Hapo unafungua au unakaza?"

"Nafungua, afande."

"Kwa kuzungusha huko?"

Dereva alicheka. "Malori ya zamani kama hili yako hivyo. Kulia kama magari yote. Kushoto kinyume, ili tairi likizunguka lisizilegeze."

"Na mtu aliyezoea haya tu, akishika gari dogo, usiku?"

"Atakata stadi. Mimi nilishakata mbili kwenye gari la mchungaji, tena mchana kweupe. Mkono unakwenda wenyewe."

Generoza aliwahesabu tena watu wake watatu. Herman alikuwa fundi wa magari madogo miaka ishirini, na Nickson hajui hata kulirudisha lori nyuma. Aliyekula, akalala na kuzeeka juu ya malori alikuwa mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Happyness kilikuwa kimebeba jeneza.

Alipiga simu ya Happyness. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku anakimbia kuelekea gereji, Nickson nyuma yake. Alipoingia getini aliisikia ikilia juu ya meza ya Herman, imechomekwa kwenye chaji.

Uani, mahali pa Starlet palikuwa patupu.

"Wameondoka," Herman alisema, akishangaa uso wake. "Nusu saa sasa. Si wewe uliyesema?"

"Nani kasema nimesema?"

"Mzee Melkizedek. Alitoka kujaza dizeli akasema amepita kituoni, umemwambia watangulie na gari, wewe utafuata ukimalizana na Nickson. Happyness akaona muda unakwenda. Simu kaisahau."

"Ulimweleza mzee habari ya nati?"

"Hapana, afande, ulikataza. Anajua tu kwamba umemchukua Nickson kwa ajili ya Donati. Akasema Mungu mkubwa."

Kwa hiyo aliamini bado magurudumu yamelegea. Kwa hiyo alikuwa anamwahisha. Hilo lilikuwa afadhali kidogo: mtu anayekupeleka kwenye kifo ulichotayarishiwa hana sababu ya kukuua njiani. Isipokuwa njiani umpe sababu. Isipokuwa uropoke kwamba nati zimeonekana, na Happyness alikuwa mtu wa kuropoka. Generoza alijaribu kutolifikiria hilo na hakufaulu.

Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa hupita Ulaya, na pale Ulaya kuna geti la ushuru wa mazao ambalo hakuna lori linalolipita bila kusimama. Generoza alimjua mlinda geti, Fortunatus, akampigia. Namshukuru Mungu kwa ushuru, alijisemea, maneno ambayo hajawahi kuyasikia kwa mtu yeyote wa wilaya ile.

"Fortunatus, sikiliza bila kunijibu mengi. Linakuja lori lenye gari jeupe juu. Lisimamishe kama kawaida. Omba vibali. Vikiwa sawa, sema muhuri hausomeki. Zozana naye tu. Usimshike, usimtishe. Ndani kuna mwanamke."

"Nimekupata, afande."

Alikata simu, akatazama uani. Hapakuwa na gari jingine isipokuwa moja, la rangi ya bluu, lenye namba kubwa mlangoni.

"Afande," Nickson alisema, "mimi bado ni mtuhumiwa?"

"Washa gari."

Kiti cha abiria kilikuwa kimeng'olewa, kwa hiyo alikaa sakafuni, mgongo kwenye bomba la chuma, kofia ya kijana yule kichwani. Changarawe zilipiga chini ya sakafu kama mtu anayemwaga mahindi. Vumbi liliingia kila mahali. Waliwapita watu wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi wakielekea gulioni, wakapita madaraja mawili, na kila kona Generoza alitazama bondeni akitafuta rangi nyeupe kwenye majani.

"Ile nati iliyokatika," alipaza sauti juu ya mlio wa injini, "mtu angeitupa wapi?"

"Asingeitupa! Watu wa malori hawatupi nati, afande! Kila lori lina kopo chini ya kiti! Hata iliyokufa wataiweka, siku moja itafaa!"

Alikigusa kisiki kwenye mfuko wake wa nailoni. Nati ya rangi nyekundu yenye nusu ya pili ya chuma hiki ingemfunga mtu. Bila hiyo alikuwa na nini? Mkono wa mtu ulivyozoea. Hakimu angemcheka.

Lori lilikuwa limesimama getini Ulaya, Starlet juu yake imefungwa minyororo. Melkizedek alikuwa chini, shati jeupe limechomekwa vizuri, akizozana na Fortunatus kwa upole. Ndani, nyuma ya kioo kilichopandishwa, alionekana Happyness amekaa wima, anatazama mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi! Huyu kijana anasema muhuri hausomeki."

"Mzee, ulisema nimekuruhusu kuondoka."

Hakupepesa macho. "Nilipita kituoni, nikaona una kazi, nikasema nisikusumbue. Shemeji angechelewa. Nimekosea?"

"Nitalikagua lori lako. Fortunatus atakuwa shahidi."

"Kagua tu."

Kopo lilikuwa chini ya kiti cha dereva, kopo kubwa la maziwa ya unga, limejaa hadi mdomoni. Generoza alitandika gunia chini, akamwaga. Watu wa gulio wakaanza kusogea. Alizipanga nati moja moja: kubwa za lori, za kutu, boliti zisizo na vichwa, kipande cha mnyororo. Aliinua gunia, akatazama chini yake. Akapanda ndani akapapasa chini ya mkeka, kwenye kisanduku cha vibali, nyuma ya kiti. Happyness alimsogezea miguu. Hapakuwa na chochote chekundu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Melkizedek aliuliza. "Niambie, labda nakijua kilipo."

Sauti ile ilikuwa ya mtu mwema. Generoza alichuchumaa mbele ya gunia, akajua kwamba baada ya dakika tano atalazimika kumwachia, na kwamba usiku wa leo au wa kesho mwanamke yule atakuwa peke yake tena na muuaji wake.

Mlango wa abiria ulifunguka. Happyness alishuka polepole, kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto alikuwa ameufumba. Alikuja mpaka kwenye gunia akaunyoosha, lakini vidole vilikataa kufunguka, vimekakamaa. Ilibidi Generoza avifungue yeye, kimoja kimoja, na ndani, katika damu kidogo, ilikuwemo nati ndogo yenye alama ya rangi ya kucha na kipande cha stadi kimebaki ndani yake.

Generoza alitoa kisiki kwenye mfuko, akakiegemeza. Meno ya chuma yaliingiana bila kuacha mwanya.

Melkizedek aliketi kwenye ngazi ya lori lake. "Shemeji," alisema. Aliitoa mikono yake mwenyewe, Generoza akafunga pingu.

Generoza alimchukua Happyness hadi kwenye kivuli cha kibanda cha geti, akampa maji. Hakuyanywa. Alikishika tu kikombe.

"Uliipata wapi?"

"Kopo lilipinduka pale kwenye daraja la kwanza. Nikaziokota kumsaidia. Nikaiona yangu."

"Daraja la kwanza ni mbali, dada. Kwa nini hukuruka?"

"Alisimamisha lori mwenyewe. Njiani, hapana watu. Akazima injini. Nikajua basi, ndiyo hapa." Aliinua mkono ulioshika kikombe. "Akanishika mkono huu wa kulia. Akafumba macho, akaniombea. Nishinde, niwarudie wanangu salama. Aliomba mpaka akalia."

"Na wewe ulifanya nini?"

Happyness alikitazama kiganja chake kilichochanika.

"Nilisema amina."